Tulikwenda Katwe

Katika mtaa wetu, wilayani Muleba, wapo vijana wanaoijua Korea kuliko wanavyoijua Karagwe. Wanajua majina ya wafalme wa zamani wa huko, wanajua jinsi mdogo anavyoinama mbele ya mkubwa, na wakitaniana huitana kwa majina ya waigizaji. Wengi walianza na Jumong, ile tamthilia ndefu ya sehemu 81 iliyoonyeshwa Korea Kusini mwaka 2006 na 2007. Ilipofika kwetu tulijazana kwenye sebule ya mwenye televisheni, watoto chini, wakubwa kwenye mabenchi, na aliyekuja amechelewa alisimama dirishani. Siku hizi kila kijana ana simu yake na anaangalia peke yake, usiku, kitandani.

Sisi tunaoandika haya ni kinamama sita wa mtaa mmoja wa usharika wa Kilutheri. Tunakutana kila Alhamisi jioni kwa maombi, na maombi yakiisha tunafungua sanduku la vikoba. Wanne kati yetu wanalea wajukuu au watoto wa ndugu zao waliofariki. Tumeombwa tueleze jinsi safari moja tuliyoifanya ilivyogusa imani yetu. Tunaandika kwa pamoja, kwa sababu tulikwenda pamoja, na kila mmoja wetu anakumbuka kitu ambacho mwenzake amekisahau.

Chanzo cha safari ni binti mmoja, mjukuu wa mwenzetu. Alimaliza kidato cha nne na matokeo yake hayakumruhusu kuendelea. Alikaa nyumbani miaka miwili. Alilima, alichota maji, aliwapikia wadogo zake watatu, na saa zilizobaki alikuwa na simu. Huyu binti ndiye aliyetufundisha kwamba watu husafiri kwenda kuona mahali tamthilia zilipopigwa. Alituambia habari za kisiwa cha Nami, ambako sehemu za tamthilia ya Winter Sonata zilipigwa. Tamthilia hiyo ilitoka mwaka 2002, na ilipoonyeshwa Japani, wanawake wa huko, wengi wao watu wazima kama sisi, walianza kuvuka bahari kwa maelfu ili watembee kati ya miti ileile waliyoiona kwenye televisheni. Alituambia pia kwamba huko Naju kulijengwa mji mzima wa kuigiza kwa ajili ya Jumong, ukiwa na kuta na malango ya zamani, na kwamba baada ya tamthilia kwisha watu waliendelea kuja kuutazama.

Tulicheka. Mmoja wetu akauliza, "Mtu anatoa nauli kwenda kuona miti?" Binti hakucheka. Alisema, "Mama, wanakwenda kwa sababu pale palitokea kitu." Kisha akamgeukia bibi yake na kusema neno ambalo hatukulisahau: "Hapa kwetu hakuna kitu cha kutazamwa. Hata Mungu akitaka kuwaonyesha watu hadithi, hawezi kuja kuitafuta Muleba."

Baada ya wiki chache tulielewa neno lile lilikuwa na uzito gani. Bibi yake alikuja Alhamisi akiwa na macho mekundu. Binti alikuwa amempata dalali mmoja mjini anayepeleka wasichana nchi za Ghuba kwa kazi za nyumbani. Mpango wake ulikuwa afanye kazi miaka miwili, aweke fedha, kisha aifuate Korea yake. Kwenda nje siyo jambo la ajabu kwetu. Tunao ndugu wanaofanya kazi ng'ambo na tunashukuru kwa wanachotuma. Lakini dalali huyu hakutaka kuonyesha mkataba, hakutaka kukutana na wazazi wala walezi, na alitaka binti akipata pasipoti amkabidhi yeye. Bibi alituuliza swali moja tu: "Nitamwambia nini ili abaki, wakati mimi mwenyewe sina cha kumwonyesha?"

Hatukuwa na jibu. Tuliomba, tukafunga sanduku, tukarudi nyumbani.

Jibu, kama ni jibu, lilianzia kwenye shuka jeupe. Kijana wa mmoja wetu ni mwalimu, na likizo moja alikuja na filamu inayoitwa Queen of Katwe. Aliionyesha kwenye ukumbi wa mtaa, akawa anasimamisha na kututafsiria Kiingereza. Maneno machache ya Kiganda yaliyomo hakuhitaji kututafsiria. Sisi watu wa Buhaya tunayasikia, na wazee wetu waliisoma Biblia kwa Kiganda kabla ya kuipata kwa Kihaya.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, filamu hiyo inasimulia habari za kweli za Phiona Mutesi, msichana wa Katwe, mtaa wa mabondeni jijini Kampala. Baba yake alifariki kwa Ukimwi yeye akiwa mdogo sana. Mama yake alihangaika na biashara ndogondogo, na watoto waliacha shule kwa kukosa ada, wakawa wanauza mahindi barabarani. Siku moja Phiona alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende, kijana aliyefanya kazi na huduma ya Kikristo ya michezo, alikuwa akiwafundisha watoto sataranji, mchezo ambao vijana wetu huuita chesi. Katende naye alipoteza mama akiwa mtoto. Alianza na mpira wa miguu, kisha akaleta sataranji kwa ajili ya wale ambao hawakucheza mpira. Mwaka 2010 Phiona aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 alikwenda tena Istanbul, Uturuki. Mwandishi Mmarekani, Tim Crothers, aliandika kitabu juu yake, na Mira Nair, mwongozaji ambaye Kampala ni nyumbani kwake, akakifanya filamu. Lupita Nyong'o aliigiza kama mama. Sehemu nyingine zilipigwa Johannesburg, lakini Mira Nair alitaka Katwe iwe Katwe yenyewe, na ndipo sehemu kubwa ya maisha ya familia ile ilipopigwa.

Ukumbi ulikuwa kimya. Kagera tunaijua hadithi hiyo kabla haijapigwa picha. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Wazee waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la kitambaa kilichopendwa enzi zile za magendo ya mpakani. Ulifagia nyumba baada ya nyumba, ukawaacha mabibi na wajukuu, katikati pakiwa patupu. Kwa hiyo tulipomwona mama yule kwenye shuka akihesabu sarafu huku watoto wanamtazama, hakuna kati yetu aliyemwona mgeni.

Filamu ilipokwisha, binti akauliza, "Huko Katwe ni kilomita ngapi?" Mwalimu alimjibu kwamba kutoka Bukoba hadi Kampala ni karibu kuliko hata robo ya njia ya kwenda Dar es Salaam. Tukatazamana.

Si wote waliokubali. Kwenye kikao kilichofuata wapo waliosema fedha ya kinamama wa kanisa isiende kutazama mahali pa sinema wakati ukumbi unavuja. Wengine walisema kama ni safari, basi iwe Namugongo, ambako Wahaya wengi huenda kila mwaka tarehe 3 Juni kuwakumbuka mashahidi wa Uganda. Hoja zote mbili zilikuwa za haki, nasi tulizipeleka kwa mchungaji. Mchungaji hakuamua kwa niaba yetu. Alifungua Injili ya Yohana sura ya kwanza, akatusomea habari za Nathanaeli, yule aliyeposikia kwamba Masihi ametoka Nazareti akashangaa kama mji ule ungeweza kutoa chochote chema. Mchungaji akasema, "Angalieni Filipo. Hakubishana naye wala hakumpa hotuba. Alimwalika tu aende akajionee." Kisha akaongeza, "Huyo binti wenu ni Nathanaeli. Tofauti ni kwamba Nazareti anayoidharau ni ya kwao mwenyewe."

Tulikubaliana kwamba fedha ya kikundi haitaguswa. Kila aliyetaka kwenda angechanga yake. Tulianza kuweka pembeni shilingi 2,000 kila Jumapili, tukaongeza kahawa ya msimu, na mwezi Agosti tulikuwa tisa: sisi sita, binti yetu, na vijana wengine wawili. Binti alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba tusimhubirie njiani. Tukalikubali.

Kutoka Muleba tulilala Bukoba kwa ndugu, mtaa wa Hamugembe. Nyumba tuliyolala ni mpya. Ya zamani ilianguka katika tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, siku ya Jumamosi. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki mkoani, mamia waliumia, nyumba nyingi zilibomoka, na shule kama Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Usiku ule, tukiwa tumekaa na chai, kijana mmoja akasoma kwenye simu yake kwamba filamu ya Queen of Katwe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, tarehe hiyohiyo, 10 Septemba 2016. Tulinyamaza. Hatusemi kwamba Mungu aliyafunga mambo hayo mawili pamoja, na tunajihadhari na watu wanaosoma kalenda kama waganga. Tunasema tu kwamba siku ambayo watu wa mbali walikaa kwenye viti vizuri wakimlilia mtoto wa Katwe, watoto wa Hamugembe walilala nje chini ya migomba. Macho ya dunia hayawezi kuwa kila mahali kwa siku moja. Imani yetu inasema kuna jicho moja linaloweza.

Asubuhi tulipanda basi. Barabara ya Mutukula ina kumbukumbu nyingi kwa watu wa umri wetu. Tulipovuka Mto Kagera pale Kyaka, mkubwa wetu aliwaonyesha vijana daraja na kuwaambia kwamba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja la zamani, na kwamba yeye alikimbia njia hiyo akiwa mtoto, amebebeshwa kuku. Binti akatoa vipokea sauti masikioni. "Bibi, hujawahi kutuambia." Bibi akasema, "Hamkuuliza."

Mkubwa huyohuyo akaendelea bila kuombwa. Akawaambia kwamba njia hii ndiyo Injili ilipita. Mapadre wa kwanza waliofika Kashozi mwaka 1892 walitokea Uganda. Na Walutheri wetu hawakuanza na Mjerumani. Walianza na Wahaya wenyewe, akina Andrea Kajerero, waliojifunza neno la Mungu kwa Waganda na kuanza kukusanyika kusoma, hata wamisionari wa Betheli walipofika mwaka 1910 waliwakuta wasomaji wanawasubiri. "Kwa hiyo," alisema, "tunakwenda kwa mama mzaa Injili yetu. Msidhani tunakwenda kwenye sinema tu." Hakuwa anahubiri, alikuwa anasimulia, na binti hakulalamika kwamba sharti limevunjwa.

Masaka tulinunua ndizi za kuchoma. Kayabwe tulivuka mstari wa ikweta. Kampala tuliingia jioni na msongamano wake.

Kesho yake tulikwenda Katwe. Katika filamu kuna rangi: kanga, ndoo, mahindi, nyuso za watoto. Katwe yenyewe inakupokea kwanza kwa sauti. Ni mtaa wa mafundi vyuma. Nyundo zinalia tangu asubuhi, cheche za kuchomelea zinaruka hadi barabarani, na malango, majiko na masufuria makubwa yamepangwa hadi mtu wa miguu hana pa kupita. Bodaboda zinapita katikati. Ukishuka chini zaidi, nyumba zinabanana, na mitaro imejaa maji meusi. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani. Filamu inaonyesha mafuriko yale, lakini filamu haina harufu.

Tulitafuta mahali tulipopaona kwenye shuka: ile kona, kile kibanda. Hatukupata hata kimoja kwa uhakika. Tulipowauliza mafundi, mmoja alisema ni kule, mwingine akasema ni huku, wa tatu akasema kwa heshima kwamba ana kazi. Vijana wetu walianza kukata tamaa. Hakuna kibao, hakuna njia ya watalii, hakuna mtu wa kukuonyesha. Siyo kama kisiwa cha Nami.

Tukamkuta mama mmoja mtu mzima anachoma mahindi. Tulimsalimu kwa Kiganda, naye akacheka hadi akaacha kupepea moto. "Nnyabo," alimwambia mkubwa wetu, "hicho Kiganda umekitoa wapi? Unasema kama Biblia." Tulimweleza tumetoka Tanzania, upande wa Bukoba, na ndicho Kiganda tulichorithi. Akatupa mabenchi, tukanunua mahindi, tukakaa. Tulimuuliza habari za yule msichana. Akajibu kwa unyofu, "Hayupo hapa. Alikwishaondoka zamani. Wageni huja, hupiga picha, huondoka. Mimi niko hapa na mahindi yangu."

Hapo binti akasema kwa sauti ya chini, "Mnaona? Hata yeye aliondoka." Ni kweli. Phiona Mutesi alikwenda kusoma Marekani, katika Northwest University, chuo cha Kikristo jimbo la Washington. Hakuna aliyembishia.

Mama wa mahindi hakuelewa Kiswahili chote, lakini alielewa uso wa binti. Akageuza hindi moja, akamuuliza, "Na kwenu kuna nini?"

Sisi wakubwa tulikaa kimya, kwa sababu swali halikuwa letu. Binti alianza polepole, Kihaya na Kiganda vikichanganyika. Alisema kwao kuna ziwa. Kuna kahawa na migomba. Kisha akasema kwamba siku ya tetemeko alikuwa jikoni na wadogo zake, akamtoa mdogo wa mwisho kwa mguu, akarudi kwa wa pili, na ukuta ukaanguka nyuma yao. Alisema bibi yake aliwalaza chini ya turubai wiki sita, akawa anakaa macho usiku akiimba ili wasiogope, na kwamba aliimba nyimbo zote za kitabu, akimaliza anaanza tena. Alisema bibi aliuza mkungu mmoja mmoja hadi wakapata bati. Akasema, "Sijawahi kumwambia mtu."

Mama wa mahindi alikuwa ameacha kugeuza. Hindi lile liliungua upande mmoja. Akamtazama bibi, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, akasema maneno ambayo sote tuliyaelewa bila mkalimani: "Sasa ninyi mmekuja kutafuta nini kwangu?"

Hatukukaa sana baada ya hapo. Alikataa kulipwa lile lililoungua.

Siku ya tatu tulikwenda Namugongo, kwa sababu waliosema twende huko walikuwa na haki yao. Wengi wa mashahidi wale, Wakatoliki na Waanglikana, waliuawa pale tarehe 3 Juni 1886, na wengi wao walikuwa vijana, watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga. Mtu akiwa pale anajiuliza kuna tofauti gani kati ya mahali filamu ilipopigwa na mahali damu ilipomwagika. Tofauti ipo, na ni kubwa. Lakini tuliona jambo moja linalofanana: pote pawili, uliyemfuata hayupo. Kinamama waliokwenda kaburini alfajiri ya Pasaka waliambiwa na malaika mambo mawili, kwamba wapaangalie mahali alipokuwa amelazwa, na kwamba waende upesi wakawaambie wengine. Hawakuambiwa wajenge kibanda pale. Mahali hutazamwa ili mtu ajue kwamba jambo lilitokea kweli duniani, kwenye udongo wa kweli, kwa watu wenye njaa na miguu yenye vumbi. Baada ya hapo anarudishwa kwao.

Wakati wa kurudi, ndani ya basi, binti mwenyewe ndiye aliyeanza mazungumzo. "Lakini Phiona aliondoka," alisema tena. "Kwa nini yeye kuondoka ni ushindi, na mimi kuondoka ni msiba?" Lilikuwa swali zuri, nasi tulilijadili kuanzia Masaka hadi mpakani. Mmoja wetu alimkumbusha kwamba Biblia imejaa watu walioondoka kwao. Ibrahimu aliondoka. Yusufu naye aliondoka. Ibrahimu aliitwa. Yusufu aliuzwa na ndugu zake kwa fedha. Mungu alikuwa pamoja na wote wawili, hilo hatulikatai, lakini hakuna mzazi anayemwombea mtoto wake njia ya Yusufu. Phiona aliondoka akijulikana alikokwenda, akiwa na mwalimu wake nyuma yake na watu waliolijua jina lake. Wewe unataka kuondoka na mtu ambaye hataki hata tumwone uso.

Binti alitazama nje muda mrefu. Kisha akasema, "Sijasema nimekubali."

Tungependa kuandika kwamba alipofika nyumbani alibadilika siku hiyohiyo. Haikuwa hivyo. Wiki mbili hatukujua ataamua nini, na bibi yake alikonda. Kisha asubuhi moja alikuja kwa bibi na karatasi alizokuwa amempa dalali. Alikuwa amekwenda mwenyewe mjini kuzidai. Hakueleza zaidi, na hatukumuuliza. Mwaka uliofuata alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea ili arudie mitihani yake. Huenda bado ataondoka siku moja, hata kwenda Korea, kwa kuwa hajaacha kuipenda, na tamthilia zake bado anaangalia. Tunaomba tu kwamba akiondoka awe ameitwa, si ameuzwa.

Lipo jambo la pili lililotoka Katwe, na hili tunawaandikia hasa wasomaji wa sharika nyingine. Tulipokuwa tukiijadili filamu, tuligundua kwamba Phiona hakumfuata kaka yake kwa ajili ya sataranji. Hakuijua sataranji. Alifuata kikombe cha uji. Katende alikuwa akiwapa watoto uji, na mtoto mwenye njaa huenda penye uji. Mengine yote, Urusi, Uturuki, kitabu, filamu, yalikuja nyuma ya kikombe kile. Sisi hatuna uwezo wa kumpeleka mtoto Urusi. Lakini hakuna hata mmoja kati yetu asiyejua kupika uji.

Kwa hiyo kila Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya ya watoto, tunapika. Kila wiki nyumba mbili huleta unga, nyingine huleta sukari, nyingine kuni. Tulianza na watoto 14. Sasa hufika 40, na zipo Jumamosi ambazo unga hautoshi, tunaongeza maji na kuimba kidogo zaidi. Binti yetu huwafundisha drafti kwa vizibo vya soda kwenye ubao aliouchora mwenyewe, na yule mwalimu ameahidi kuwaletea sataranji. Anawaeleza jinsi askari mdogo kabisa, anayekwenda hatua moja moja na asiyeweza kurudi nyuma, akivuka ubao wote hadi mwisho anaweza kugeuzwa malkia. Watoto huuliza, "Na akiliwa njiani?" Huwajibu, "Ndiyo maana wengine wanamlinda."

Wapendwa, hakuna mtu atakayekuja kupiga filamu kwenye mtaa wetu, na hatulitamani hilo. Lakini tumejifunza kuutazama kana kwamba kuna jambo limetokea hapa, kwa sababu limetokea. Mungu aliyechagua Nazareti haoni aibu kwa Muleba. Katika mtaa wako yupo bibi aliyeimba usiku kucha chini ya turubai, na yupo kijana aliyenyamaza na simu yake kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza kwao kuna nini. Nendeni mkamwulize. Mkae naye hadi amalize kusimulia, na mkienda, bebeni uji.